Pombe na Dawa za Kulevya Ukimbizini: Mwongozo Kamili wa Kumsaidia Mtu, Hatua kwa Hatua

Ukitaka kumwelewa mkimbizi anayelewa kila siku, usianze na pombe. Muulize analalaje. Muulize siku yake ina kazi gani, tangu anapoamka hadi jua linapozama. Mara nyingi chanzo cha ulevi wake kimo humo: usiku anaogopa kufumba macho kwa sababu ya yale anayoyaona akiyafumba, na mchana hana pa kwenda. Kilevi kinaufupisha usiku na kuupitisha mchana. Ndiyo maana kumkemea, au kumnyang'anya chupa, hakufui dafu. Umemwondolea dawa aliyojichagulia mwenyewe, na mkononi huna nyingine ya kumpa.

Mwongozo huu ni wa mtu asiye daktari: mke, mama, ndugu, jirani, kiongozi wa jamii, mhudumu wa afya wa kujitolea. Unamhusu aliye kambini na aliyepanga chumba mjini. Zipo sehemu ambazo nimeandika kwa urefu, hasa ile ya kuacha kwa usalama, kwa sababu huko ndiko watu hufa kwa kukosa neno moja la tahadhari.

Kwanza jua kilevi kiliingilia mlango gani

Wapo waliokuwa wakinywa tangu kwao. Lakini kwao kulikuwa na mipaka: kazi ya alfajiri, wazee wa kumwonya, majirani wanaomjua baba yake. Vita viliiondoa mipaka yote kwa siku moja, kilevi kikabaki peke yake.

Wapo walioanzia njiani. Mmoja alipata jeraha, akapewa vidonge vikali vya maumivu, maumivu yakapungua lakini vidonge vikamng'ang'ania. Mwingine alichukuliwa na wapiganaji akiwa kijana, akapewa dawa za kumwondolea woga. Mtoto aliyesafiri peke yake alijifunza kuvuta gundi kwa sababu inakata njaa na baridi.

Na wapo walioanza baada ya kufika mahali pa usalama. Hili huwashangaza watu. Hatari imekwisha, mbona sasa ndipo anaharibikiwa? Ni kwa sababu ya kungoja. Anangoja usaili, anangoja barua, anangoja jina lake litokee kwenye orodha, na nchi nyingi hazimruhusu kufanya kazi huku akingoja. Baba aliyekuwa akilisha nyumba sasa anashika kadi ya mgao. Huzuni aliyoikimbia miezi yote ile inamkuta akiwa amekaa.

Ukijua mlango, utajua pa kuanzia. Aliyezoea tangu kwao anahitaji mipaka mipya na watu wa kumshikilia. Wa vidonge vya maumivu anahitaji mtabibu atakayelitazama jeraha lake pamoja na uraibu wake, si uraibu tu. Wa kungoja anahitaji jambo la kufanya kesho asubuhi. Mtu mmoja anaweza kuwa na milango yote mitatu. Na usidhani kila mkimbizi anakunywa. Wapo wengi ambao hawajaonja kabisa, na kuwapaka wote rangi moja ni kuwaongezea wenyeji sababu ya kuwachukia.

Hatua ya 1: Tembea, sikiliza, ujue kinachotumika

Mwaka 2008 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) na Shirika la Afya Duniani (WHO) walitoa mwongozo wa kufanya tathmini ya haraka ya ulevi katika jamii zilizohamishwa na vita. Kazi kama hiyo unaweza kuifanya kwa kadiri yako: usitegemee jibu la mtu mmoja, na usitegemee maneno tu. Pita asubuhi mapema uone chupa na vifuko vimetupwa wapi. Zungumza na mwalimu, muuza duka la dawa, muuguzi anayefunga vidonda usiku, akina mama kisimani, vijana uwanjani. Wazee watakuambia tatizo ni vijana. Vijana watakuambia tatizo ni wazee. Wote wawili wana sehemu ya ukweli.

Mahali pengi pombe ndiyo ya kwanza, hasa ile inayopikwa nyumbani ambayo hakuna ajuaye ukali wake. Baada ya pombe huja bangi, mirungi, gundi, heroini, na vidonge vya hospitali kama tramadoli (ya maumivu) na diazepamu (ya kutuliza na kulaza) vinavyouzwa kimoja kimoja bila boksi. Angalia pia vinavyoambatana. Anayetafuna mirungi alasiri yote hukesha, kisha hutafuta pombe au kidonge cha kumlaza, na kesho yake huhitaji mirungi ya kumwamsha. Ukimwona kwenye mirungi tu, umeona nusu ya gurudumu.

Usiandike majina. Daftari lenye majina ya wanaotumia na wanaouza likianguka mahali pabaya litawapeleka watu kituo cha polisi, na hakuna atakayezungumza nawe tena.

Hatua ya 2: Pima uzito wa tatizo

Kuna mtu anayekunywa na bado maisha yake yanaenda, ingawa anajiweka hatarini. Kuna ambaye kilevi kimeanza kumdhuru: ameanguka, amepigana, ameuza unga wa mgao. Na kuna mraibu, ambaye mwili wenyewe unadai. Kila mmoja anasaidiwa kivyake.

WHO wana dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, ambalo vituo vingi vya afya hulitumia. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Kuanzia 8 kuna hatari, na kuanzia 20 huenda mtu ameshakuwa mraibu. Kwa vilevi vingine kuna dodoso la WHO liitwalo ASSIST. Kama kituo kilicho karibu nawe kinayo, omba ufundishwe kuyauliza.

Ili kujibu vizuri unahitaji kujua mtu anakunywa kiasi gani, na hapa watu wengi hukosea kwa sababu wanahesabu glasi. Hesabu kileo. Chukua mililita za kinywaji, zidisha kwa asilimia ya kileo, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Jibu ni gramu za kileo halisi, na kipimo kimoja katika hesabu ya AUDIT ni gramu 10. Nusu lita ya bia ya asilimia 5 ina gramu 20, yaani vipimo viwili. Glasi ya mililita 200 ya pombe kali ya asilimia 40 ina gramu 64, zaidi ya vipimo sita. Mtu anayesema "nakunywa glasi moja tu" na anayesema "nakunywa bia tatu" wanaweza kuwa wamekunywa sawasawa.

Na kama una nafasi ya swali moja tu, uliza hili: "Ukiamka asubuhi, unahitaji kunywa kwanza ndipo mikono itulie?" Akisema ndiyo, ruka moja kwa moja usome Hatua ya 4 kabla hujamshauri lolote.

Hatua ya 3: Zungumza naye

Usimwendee akiwa amelewa. Usimwendee mbele ya watoto wake. Asubuhi, kabla kiu haijamwanza, au mkiwa mnafanya kazi pamoja, mnabeba maji au mnaziba paa, ndiyo nafasi nzuri, kwa kuwa mikono ikiwa na shughuli macho hayalazimiki kutazamana. Anza na usingizi. Hakuna aibu katika kukosa usingizi.

Tuseme unazungumza na mtu unayemwita kaka.

– Kaka, jana nilikusikia uko nje mpaka alfajiri. Usingizi umekataa?

– Umekataa, mdogo wangu. Nikilala naviona vilevile.

– Na ukinywa je?

– Nikinywa nalala. Ila saa nane nashtuka, moyo unadunda.

– Kwa hiyo inakulaza, halafu inakuamsha.

– Hm. Ndivyo ilivyo.

Tazama kilichotokea hapo. Hujamwambia aache, wala hujataja dini, mke wala aibu. Umeyarudisha maneno yake kwake, akaona mwenyewe kwamba dawa yake haifanyi kazi hata katika jambo alilolitakia. Mtindo huu wa kuzungumza aliuandika mwanasaikolojia wa Marekani William Miller mwaka 1983, na msingi wake ni kwamba mtu huamini zaidi maneno yaliyotoka kinywani mwake.

Swali jingine zuri: "Toka sifuri hadi kumi, kupunguza kuna umuhimu gani kwako?" Akisema nne, usimuulize kwa nini si kumi. Muulize kwa nini si sifuri. Atakutajia sababu zake: binti yake, ini lake, usaili unaokuja. Hizo ndizo za kushika. Kwa mtu ambaye hajafikia uraibu, mazungumzo mafupi ya namna hii, dakika tano hadi kumi tu, yanaweza kumpunguzia unywaji. Usiyadharau kwa ufupi wake.

Akikataa, mwache. Mwambie upo. Rudi baada ya wiki moja.

Hatua ya 4: Kuacha kwa usalama

Hapa tulia usome polepole.

Mtu ambaye amekunywa sana kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafla bila uangalizi, anaweza kufa. Hili halijulikani vya kutosha. Familia humfungia ndani mgonjwa wao, au viongozi humweka mahabusu "mpaka pombe imtoke", wakiamini wanamsaidia, na siku ya pili au ya tatu wanamkuta anapata degedege. Ubongo uliozoea kulegezwa na pombe kila siku hujikaza kushindana nayo. Pombe ikiondolewa ghafla, ule mkazo hubaki bila cha kuuzuia.

Mambo huenda hivi. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho huanza kutetemeka mikono, jasho, moyo kwenda mbio, kichefuchefu na wasiwasi. Degedege, ikija, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wachache huingia katika hali mbaya kuliko zote: wanaweweseka, hawajui walipo, wanaona wadudu au watu ambao hawapo, homa inapanda. Kwa mtu aliyetoka vitani hali hii huwachanganya ndugu. Wanadhani ni kumbukumbu za vita, au majini, na wanampeleka kuombewa wakati anahitaji hospitali saa hiyohiyo.

Wafuatao wasiachie nyumbani: aliyewahi kupata degedege au kuweweseka alipojaribu kuacha zamani, mwenye kifafa, mjamzito, mgonjwa wa ini au aliyekonda sana, mzee, anayechanganya pombe na vidonge vya usingizi, na aliyesema anataka kufa. Nenda naye kituo cha afya. Huko mtabibu humpa diazepamu kwa siku chache na kuipunguza taratibu, na humpa vitamini B1, yaani tiamini. Mwongozo wa dharura wa WHO na UNHCR wa mwaka 2015 unataja miligramu 100 kwa siku kwa siku tano. Vitamini hiyo si ya kupuuza, maana mnywaji asiyekula vizuri akiishiwa nayo ubongo wake unaweza kuharibika usirudi. Diazepamu usimpe wewe. Nayo ni kilevi, na ikichanganyika na pombe inazima pumzi.

Kama kituo kiko mbali na ni lazima asubiri, asikate kabisa. Apunguze kidogo kidogo kila siku, ale, anywe maji, na asilale peke yake.

Vidonge vya aina ya diazepamu vilivyotumika miezi mingi navyo havikatwi ghafla, kwa sababu ileile ya degedege.

Heroini na tramadoli ni habari nyingine. Arosto yake, yaani mateso ya mwili unapokikosa kilevi, ni kali: maumivu ya mifupa, kuharisha, kamasi, kutapika, mtu anagaagaa chini, lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kumuua yenyewe. Hatari yake inakuja baadaye. Baada ya siku chache mwili umeshasahau kile kipimo cha zamani. Akirudia kipimo hicho, pumzi inakatika. Kwa hiyo mtu aliyetoka kufungiwa, gerezani, au kwenye nyumba ya kuachia dawa yuko hatarini kuliko alivyoingia. Mwambie hivyo waziwazi, hata kama ndugu zake watadhani unampa ruhusa. Tramadoli ina jambo jingine: ikizidi huleta degedege.

Kwa waraibu wa heroini, tiba yenye nguvu ni metadoni au buprenofini, ambazo WHO imeziweka katika orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Watu husema ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Sikubaliani nao. Mtu anayekunywa metadoni mbele ya muuguzi kila asubuhi haibi, hashirikiani sindano, hafi chooni, na anapata utulivu wa kutafuta kazi. Mjamzito mwenye uraibu wa heroini ndiye hasa asiyepaswa kukata ghafla. Apelekwe kwenye tiba hiyo. Kabla ya kumpeleka yeyote, ulizia kama kituo kinawapokea wakimbizi na kinataka hati gani, ili asirudishwe mlangoni, kwa maana aliyerudishwa mara moja ni shida kumshawishi mara ya pili.

Na usimtilie mtu dawa ya kuachisha pombe kwenye chakula bila yeye kujua. Najua ni uchungu wa mama au mke unaosukuma jambo hilo. Lakini dawa kama disulfiramu ikikutana na pombe mwilini huweza kuushusha msukumo wa damu na kuudhuru moyo. Hutolewa na mtabibu, kwa aliyekubali.

Hatua ya 5: Dharura

Fundisha sehemu hii hata kwa watoto wakubwa.

Amelewa hadi hajitambui. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, mdomo uelekee chini kidogo ili akitapika asipaliwe. Usimwache alale chali. Usimmwagie maji ya baridi, usimnyweshe kahawa wala chumvi. Kaa naye, hesabu pumzi.

Amezidisha heroini au vidonge vya aina yake. Dalili ni tatu: haamki hata ukimsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, pumzi ni za kuhesabika au anakoroma kwa namna ya kutisha, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Midomo inaweza kugeuka buluu. Ita msaada, mpulizie pumzi kama unajua, na kama ipo naloksoni, dawa inayozima nguvu ya heroini, mpe. Tangu mwaka 2014 WHO inapendekeza dawa hii wapewe hata watu wa kawaida wanaoweza kumkuta mtu katika hali hiyo, pamoja na mafunzo. Akiamka asiondoke: naloksoni huisha nguvu ndani ya saa moja au moja na nusu hivi, na heroini inaweza kuwa bado ipo mwilini ikamzimisha tena.

Pombe yenye sumu. Pombe kali ya magendo wakati mwingine huwa na methanoli, aina ya spiriti yenye sumu. Mtu hulewa kama kawaida, hulala, kisha baada ya saa 12 hadi 24 huumwa tumbo na kichwa, hupumua kwa kasi, na macho huona ukungu au theluji. Kuona ukungu baada ya pombe ni jambo la kukimbilia hospitali, si la kulalia. Watafuteni wote waliokunywa chombo kimoja naye, hata walio wazima bado, maana ikitibiwa mapema macho na uhai vinaokoka.

Degedege. Ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, ikikoma mlaze ubavu, mpeleke hospitali.

Hatua ya 6: Rudisha usingizi, jaza siku

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo misaada mingi inapoishia bila kufika. Mtu anatolewa pombe mwilini kwa wiki moja, anarudishwa kwenye hema lilelile, usiku uleule.

Mweleze kwanza ukweli kuhusu pombe na usingizi: inamlaza haraka, lakini inauvunja usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na akiacha, ndoto mbaya huongezeka kwa muda kabla ya kupungua. Asipoambiwa hili, ataamini kwamba pombe ndiyo iliyokuwa ikizizuia, na atairudia siku ya tatu. Akijua kwamba zitapita, ana cha kushikilia.

Asikimbilie vidonge vya usingizi. WHO inashauri watu wazima walio ndani ya mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha wasipewe dawa za aina ya diazepamu kwa ajili ya kukosa usingizi. Aamke saa ileile kila siku hata kama hakulala. Asilale mchana, asitafune mirungi wala kunywa kahawa baada ya adhuhuri. Akishtuka na ndoto, ataje kwa sauti mahali alipo na tarehe ya leo, aguse kitu chenye ubaridi, avute pumzi polepole mpaka tumboni. Kwa wanawake na watoto wasio na mlango wa kufunga, kutolala si ugonjwa. Wanakesha kwa sababu kuna hatari ya kweli. Kitasa, taa ya kwenda chooni, au jirani wa kulala naye vitawasaidia kuliko ushauri wowote.

Kisha mchana. Tafuteni jambo moja, dogo, lenye saa maalumu, linalomtaka yeye. Lisiwe la kupoteza muda. Fundi afundishe vijana wawili. Aliyekuwa mwalimu asimamie masomo ya jioni. Mwingine achukue zamu ya kuchota maji ya mama mzee wa jirani. Kinachoponya ni kule kujua kwamba asipofika, kuna atakayeuliza yuko wapi.

Ulizia pia kama kuna kikundi kinachotoa mafunzo ya WHO yajulikanayo kama PM+, yaliyotolewa mwaka 2016. Ni vikao vitano vya kushughulikia msongo, matatizo na upweke, na vinaendeshwa na watu wasio wataalamu waliofundishwa. Havitibu uraibu mzito, ila vinafaa kwa dhiki inayomsukuma mtu kwenye chupa.

Hatua ya 7: Walio nyumbani

Mke anayepigwa asiambiwe avumilie mpaka mumewe apone. Ulevi hauhalalishi kipigo, na wapo wanaoacha pombe na kuendelea kupiga. Usalama wake na watoto ushughulikiwe kwanza, kando na tiba ya mume: nyumba ya kukimbilia usiku, hati na kadi ya mgao zikae mahali anapoweza kuzichukua haraka, mtu wa ulinzi anayemjua. Usuluhishi wa wazee usichukue nafasi ya hayo.

Kama mgao unapotea, ombeni kadi au fedha ziwe mikononi mwa mwenye kupika, lakini fanyeni kupitia ofisi inayohusika, kimya, si kwa kumwaibisha baba mkutanoni.

Wanawake wanaokunywa hujificha zaidi na hupata msaada wakiwa wamechelewa. Usiwaulize mbele ya wanaume. Mjamzito aambiwe bila vitisho kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na kwamba kupunguza leo kuna faida hata kama mimba imekua. Lakini anayetetemeka asubuhi aende kituoni, asikate peke yake.

Hatua ya 8: Wauzaji

Mara nyingi anayepika pombe ni mama aliyefiwa na mume, na pombe hiyo ndiyo ada ya shule na sabuni. Msako ukija, mapipa yanamwagwa, kesho anapika tena mafichoni, kwa haraka zaidi na uchafu zaidi. Kaeni naye kama mwenzenu. Kubalianeni mambo yanayowezekana: asiuze kwa watoto, asiuze asubuhi, asikopeshe kwa dhamana ya kadi ya mgao, asitumie vyombo vilivyowahi kubeba kemikali, asichanganye vidonge. Huku mkimtafutia nafasi katika kikundi cha kukopeshana. Atakayeacha biashara hiyo kwa sababu amepata nyingine hatairudia kwa urahisi.

Hatua ya 9: Siri na sheria

Wengi hawaendi kutibiwa kwa hofu kwamba kusema "natumia" kutaharibu ombi lao la hifadhi. Kuugua uraibu si kosa linalomwondolea mtu ukimbizi. Kuhukumiwa kwa kuuza au kubeba dawa za kulevya ni jambo jingine: Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unamtaka mkimbizi kutii sheria za nchi iliyompokea, na hukumu ya kosa zito sana inaweza kuudhoofisha ulinzi wake. Anayeshtakiwa atafute msaada wa kisheria kabla ya kukiri lolote.

Kabla ya kuzungumza na mtabibu, aulize nani atasoma faili lake. Na mkalimani asiwe wa ukoo wake wala wa upande waliopigana nao. Ana haki ya kumkataa na kuomba mwingine, hata kwa simu.

Hatua ya 10: Akiteleza

Atateleza. Wengi huteleza mara kadhaa kabla ya kusimama. Siku hiyo usimwambie "nilijua". Akishalevuka, rudini nyuma saa kwa saa: jana ilikuwaje, ulilala saa ngapi, nani alipiga simu? Karibu kila mara utakuta kitu. Habari ya kifo kutoka nyumbani. Barua ya kukataliwa. Siku ya kumbukumbu ya kijiji kuchomwa. Na moja ambayo watu huisahau: siku ambayo rafiki wa karibu amepata safari ya nchi ya tatu, akaagwa kwa shangwe, na yeye akabaki.

Siku hizo nyingi zinajulikana kabla hazijafika. Ziandikeni pamoja kwenye kalenda. Pangeni nani atapika nyumbani kwake jioni hiyo, nani atashika pesa zake, nani ana namba ya muuguzi. Na usiku wa siku hiyo apatikane mtu wa kuweka mkeka karibu naye, akae hapo akizungumza au akinyamaza, mpaka amwone amelala.